Mlimani mwenyeji ni mwamba

Kwenye ramani, njia tuliyopita leo ni mzunguko wa kilomita 14. Inaanzia bondeni, inapanda hadi mgongo wa mlima, inaufuata mgongo huo kwa kitambo kirefu, kisha inashuka upande wa pili na kurudi ilikoanzia. Jumla ya kupanda ni kama mita 900. Ukizitazama tarakimu hizo tu utasema ni matembezi ya asubuhi. Wapanda milima wana hesabu yao ya zamani, aliyoitoa William Naismith wa Uskoti mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita tano hivi, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hesabu hiyo tungemaliza kwa saa nne na robo. Sisi tuliondoka alfajiri, tukafika chini jua likiwa limeshaegemea magharibi, na hakuna mahali tulipozubaa. Muda wote umeliwa na mawe, na sijutii hata dakika moja.

Hilo ndilo ninalotaka kuliandika kabla sijalala. Kwa mbali mlima ule unaonekana ni msitu mtupu, kijani kutoka chini hadi juu. Ukiingia ndani ndipo unapojua mwenyeji ni nani. Mti unaota pale ambapo mwamba umepasuka na kuacha nafasi ya udongo. Maji yanapita yalikoelekezwa na mwamba. Njia nayo imejipindapinda kufuata mianya kati ya majabali, na mtembeaji hana la kufanya ila kuifuata.

Sehemu ya chini niipite haraka: mwinuko wa udongo, miti mirefu, kivuli, jasho. Baadaye udongo ukaanza kuwa haba, mizizi ikajitokeza juu ya ardhi, halafu mawe. Hapo mti mmoja ulinisimamisha. Umeota juu ya jabali lenye kimo cha mtu, mahali pasipo na udongo wa kujaza kiganja. Mizizi yake imeteremka pande zote za jabali ikitafuta ardhi, na mmoja wao, mnene kuliko mkono wangu, umejipenyeza kwenye ufa na kulitenga jabali vipande viwili. Nikatia vidole ndani ya ule ufa. Mlikuwa na majani yaliyooza, mchanga mweusi wenye unyevu, na jongoo amejikunja. Ndivyo udongo wa huko juu unavyopatikana: mzizi unatanua ufa, maji yanaingia, jani linaangukia humo na kuoza, mbegu nyingine inapata pa kuanzia. Ni kazi ya miaka mingi kwa udongo wa kiganja kimoja. Ndiyo maana inaniuma nikiona mtu ameiacha njia na kukata pembeni ili awahi. Anachokikwangua kwa soli kwa hatua moja hatakiona kikirudi maishani mwake.

Mjomba alikuwa ametangulia, kama kawaida yake. Huwa haongei sana anapopanda. Tulipofika kwenye vibao vya kwanza vya mwamba, yaani mapande mapana ya jiwe yaliyoinama, akasimama kunisubiri.

“Mpwa wangu, kanyaga panapokwaruza,” akasema. “Hapo panapong'aa pameshasuguliwa na nyayo za watu. Pazuri kwa macho, pabaya kwa mguu.”

“Na haya mabaka, Mjomba? Yanashika?”

“Yakiwa makavu yanashika. Yakilowa, yaogope.”

Mabaka yenyewe ni likeni, mengine ya kijivu, mengine ya manjano, na machache yenye rangi ya kutu. Kila baka ni viumbe wawili wanaoishi pamoja, kuvu na mwani: mwani unatengeneza chakula kwa mwanga wa jua, kuvu inaupa mwani mahali pa kukaa na kuutunzia unyevu. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alipotoa hoja hiyo miaka ya 1860 wataalamu wengi wa likeni walimpinga vikali. Aina nyingi za likeni zinazogandamana na jiwe namna hii hazitanuki hata milimita moja kwa mwaka. Niliweka kiganja changu juu ya baka moja na halikufunikika. Basi huenda lilianza kukua kabla sijazaliwa, pale pale, juani na mvuani. Nililikwepa kwa heshima.

Mgongoni kwenyewe mwamba ni matale, yaani graniti. Nilipiga magoti nikausogelea mpaka pua ikakaribia kuugusa: punje za madini yaliyoujenga, kwatzi zinazopitisha mwanga, feldispa nyeupe na nyingine za waridi, na vipande vyembamba vya maika vinavyometameta ukigeuza kichwa. Punje kubwa hivyo, zinazoonekana kwa macho matupu, ni dalili kwamba mwamba ulikuwa umeyeyuka kwa joto kisha ukapoa polepole mno, ndani kabisa ya ardhi. Mwaka 1785 James Hutton, mtaalamu wa miamba Mskoti, alikwenda kwenye bonde la Glen Tilt, Uskoti, akakuta mishipa ya matale imepenya ndani ya mwamba wa aina nyingine, jambo lisilowezekana kama matale hayo hayakuwahi kuwa majimaji ya moto. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba matale yaliganda kutoka kwenye maji ya bahari ya kale. Nikiwa nimeinama pale juu, nilitamani ningeuona uso wake siku ile.

Kwa hiyo kilele tunachokifurahia kwa kuwa juu kilitengenezwa chini. Kilichokuwa kimekifunika kilimomonyoka, uzito ukapungua, mwamba ukatanuka na kuanza kubanduka tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Upande tuliopandia ndivyo ulivyo, vibao vipana vilivyoinama taratibu. Upande wa pili nyufa zimesimama wima, mawe yamekatika kwa pembe kali, genge juu ya genge. Mlima ni mmoja na mwamba ni mmoja, ila ulivyopasuka huku sivyo ulivyopasuka kule.

Msitu nao umeufuata mgawanyiko huo. Upepo wa leo ulitoka upande wa magenge, ukapandisha ukungu mpaka mgongoni, na ukungu ukaishia hapo. Mkono wangu wa kushoto kulikuwa na jua na miti iliyoachana. Kulia kulikuwa na miti mifupi iliyopinda, shina zake zimefunikwa na ile mimea midogo laini ya kijani inayopenda unyevu, matawi yote yamelala upande mmoja. Tulitembea katikati kwa muda mrefu, nusu ya mwili imepata joto na nusu imepoa.

Kuna mahali nilimwomba Mjomba tusimame tusikilize. Chini ya ile miti mifupi kulikuwa kunanyesha, matone makubwa yakigonga majani makavu. Hatua chache pembeni, juu ya jabali lililo wazi, hapakuwa na tone. Ukungu una vitone vidogo visivyoweza kuanguka vyenyewe. Vikinaswa na majani na vijiti huungana, vikawa vizito, vikadondoka. Miti ile inakamua maji kutoka kwenye mawingu yanayopita, na maji hayo yanaingia kwenye nyufa za matale na kutokea chini kabisa kwenye kijito tulichokivuka alfajiri. Ukifyeka msitu wa mgongoni, wingu litapita na maji yake. Nimewahi kuyasoma hayo mara nyingi. Leo nimeyasikia kwa masikio yangu, na sidhani kama nitaongea tena kuhusu misitu ya milimani kwa sauti ya upole.

Tulipumzika kwenye kipito kati ya vilele viwili. Tulivaa makoti, kwa sababu joto hushuka kwa takribani nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na upepo ukazidisha. Mjomba akaikunjua ramani juu ya paja. Mbele yetu mistari ya kontua ilikuwa imebanana karibu kugusana: ndiko tutakakoshukia. Mistari hiyo nayo ni ya Hutton, ila Hutton mwingine, Charles, mwanahisabati Mwingereza. Mtaalamu wa nyota Nevil Maskelyne na wenzake waliupima mlima Schiehallion wa Uskoti kuanzia mwaka 1774 ili kukadiria uzito wa dunia, na Charles Hutton alipopewa rundo lile la vipimo akaona njia rahisi ni kuunganisha kwa mistari sehemu zote zenye kimo sawa. Watu walitaka kujua dunia ina uzito gani, na leo mistari hiyo inatuambia tuweke wapi miguu.

Mawingu yakaanza kupanda juu kwa kasi, chini meusi, juu meupe. Umeme ukamulika kwa mbali. Nikahesabu sekunde hadi ngurumo iliposikika: ishirini na ushee. Sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kilomita, kwa hiyo radi ilikuwa karibu kilomita saba kutoka kwetu. Ikifika chini ya sekunde 30 mtu hana tena sababu ya kubaki mahali palipoinuka. Mjomba alikuwa ameshakunja ramani.

Kwenye magenge hatukukimbia, maana hapakimbiliki. Unageuka, unautazama mwamba, viungo vitatu vinashika na cha nne ndicho kinachosogea. Jiwe lilikuwa baridi, lina chenga zilizonikwaruza vidole, na kila ukingo niliuvuta kidogo kwanza kabla ya kuuamini. Watu husifu kupanda, lakini mimi nasema kushuka ndiko kunakotaka mtu mzima. Misuli ya mapaja inafanya kazi huku inavutwa irefuke, na maumivu yake hayaji siku ile ile. Yanafikia ukali wake kesho yake au kesho kutwa.

Kwenye ngazi moja ndefu ya jiwe Mjomba aliniambia, “Sasa tangulia wewe.” Nikashuka, nikasimama imara, akaniwekea mkono begani na kushusha uzito wake wote juu yangu. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu. Tulifanya hivyo kwenye kila hatua ndefu iliyofuata, na mvua ikatukuta tukiwa tumeshaingia kwenye miti minene ya chini.

Tulipofika bondeni nilimuuliza kama mara nyingine tuuzunguke kinyume, tupande magenge na tushukie vibao, ili magoti yake yapumue. Akafikiri.

“Ni wazo zuri. Lakini vibao vikilowa havishukiki. Tungoje kiangazi, tuanze usiku usiku, ili tuwe tumevimaliza kabla mawingu hayajapanda.”

Tumekubaliana hivyo. Nimeshatia alama kwenye ramani pale kwenye kipito kati ya vilele viwili, ambako kijinjia kinashukia upande wa jua bila kugusa vibao. Tukifika hapo mwamba ukiwa umelowa, tutakifuata hicho.