Upawa wa maandazi

Jumapili asubuhi binti yangu alikuwa jikoni akisubiri chai. Tenga tupu la nyanya lilikuwa dirishani, jua linapenya ndani yake na kumwaga vidoa vya mwanga sakafuni. Akaniita. "Baba, matundu ya tenga yana pembe. Mbona haya ya chini ni duara?"

Jibu ninalijua. Kila kitundu kidogo, kiwe na umbo lolote, kinachora chini picha ya jua lenyewe, na jua ni duara. Lakini nilikaa kimya na kijiko cha sukari mkononi, kwa sababu aliyenionyesha jambo hilo si kitabu. Ni mama mmoja wa Rujewa, na jina lake sikuwahi kuuliza.

Septemba 1, 2016, siku ya Alhamisi, jua lilipatwa na mwezi. Tuliondoka Mbeya alfajiri kwenda Rujewa kulitazama, shemeji akiendesha, darubini yangu ya milimita 70 imelala kwenye viti vya nyuma kama mgonjwa. Uyole, Igurusi, Chimala, kisha joto la Usangu likatupokea. Baridi ya kwetu tuliiacha mlimani pamoja na masweta. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea: wanafunzi, wageni wenye kamera ndefu, vijana wa bodaboda, wazee waliokuja kuona tu kama maneno ya redioni ni kweli.

Nikasimamisha darubini, nikafunga kichujio cha jua mbele yake, na foleni ikajipanga kabla sijamaliza. Nikawa bwana mkubwa. Huku nawaambia wahesabu mpaka kumi wapishe wenzao, kule nampigia kelele kijana anayechungulia jua kwa filamu ya eksirei, na mwingine aliyeweka beseni la maji eti atazame kivuli chake humo. Miwani maalumu nilikuwa nayo sita. Saa nne na ushei mwezi ulipong'ata jua kwa mara ya kwanza, watoto walishangilia kama bao limeingia.

Sasa, darubini yangu haina mota. Dunia inazunguka, na kwa dakika mbili tu jua linasogea upana wake wote, kwa hiyo kila baada ya watu wachache lazima ulitafute upya. Na kwa kuwa ndani ya kichujio ni giza tupu usipolenga jua lenyewe, unalilenga kwa kivuli: unazungusha bomba mpaka kivuli chake ardhini kiwe kidogo kabisa. Nimefanya hivyo mara mia. Naweza kufanya nikiwa nusu usingizi.

Ilipokaribia saa sita mwanga ukabadilika. Siyo giza, bali kama mtu amepunguza utambi wa taa ya chemli. Upepo ukapoa. Foleni yangu ilikuwa na watu kama sitini, na pete yenyewe, mwezi ukiwa katikati ya jua na kuacha ukingo wake tu, isingefika hata dakika tatu. Hesabu hiyo sikuwa nimeipiga. Mtu akapiga yowe, "Imefunga!", mtoto akaruka, goti langu likagonga mguu wa darubini, na jua likatoka ndani ya darubini.

Nikatafuta kivuli cha bomba. Kimefifia, mikono inatetemeka, nyuma yangu watu wanasukuma. "Vipi fundi, umeme umekatika?" mmoja akauliza, wakacheka. Mimi sikucheka.

"Mwalimu!" Si mwalimu, lakini nilijua naitwa mimi. "Mwalimu, njoo uone huku!"

Alikuwa yule mama aliyekaanga maandazi pembeni tangu asubuhi. Ameshika ule upawa wa matundu wa kuopolea maandazi, umekauka mafuta, kauinua usawa wa kiuno juu ya khanga aliyoitandika chini. Na juu ya khanga ile kulikuwa na pete. Siyo moja. Makumi ya pete, kila moja kama kishikizo cha shati, zenye ukungu kidogo pembeni, zimeshikana kama mnyororo. Akiinua mno zinapandana, akishusha mno zinageuka matundu ya kawaida. Usawa ule alikuwa ameugundua mwenyewe.

Watu walichuchumaa pande zote. Hakuna aliyelazimika kutazama juu, hakuna aliyehesabu mpaka kumi. Mzee mmoja, ambaye kwenye foleni yangu alikuwa amewapisha watoto mara mbili, alinyoosha kiganja chake karibu na khanga. Pete zikamwangukia kiganjani, kwenye mistari ile iliyochimbwa na jembe. Akazihesabu polepole kwa kidole cha mkono wa pili. "Saba," akasema, bila kumwambia mtu.

Kisha zikakatika upande mmoja, zote kwa pamoja, zikawa hilali.

Nilirudi kwenye darubini, nikalipata jua kwa jaribio la kwanza tu, bila shida. Ndivyo ilivyo. Nikamwita mzee, "Shikamoo, sasa ni zamu yako." Akasema, "Marahaba mwanangu, mimi nimeshaona, wape watoto." Kisha akaniuliza, "Na wewe umeona?"

Nikasema ndiyo. Nadhani haukuwa uongo. Tulinunua maandazi ya elfu mbili, shemeji akala mengi njiani.

Binti alisikiliza yote hayo mpaka chai ikapoa. Nikamwambia Mei 21, 2031 jua litavaa pete tena Tanzania, na tukijaliwa tutakwenda. Akafikiri. Akauliza kama siku hiyo tutabeba darubini au upawa.

Nilisema kwanza anywe chai.