Dola 118 kila mwezi: nilivyoing'oa PMI kwenye mkopo wa nyumba

Nyumba tulinunua hapa Columbus, Ohio, Agosti 2020, bei dola 240,000, na hela ya kutanguliza tuliyokuwa nayo ilikuwa 12,000 tu yaani asilimia 5, na hapo nusu yake ni hela ya mchezo aliocheza mama watoto na wenzake wa kazini. Riba 3.25, miaka 30, tukacheka mpaka jino la mwisho. Bili ya kwanza ya Oktoba ilipokuja ndo nikaona kale kamstari, PMI, yaani bima ya mkopo, dola 118.

Mwanzoni nilidhani hiyo bima ni yangu, kwamba siku nikiachishwa kazi itanisaidia kulipa. Wapi bwana. Inamlinda aliyekukopesha, ukishindwa kulipa yeye ndo anafidiwa na wewe unatoka na mabegi yako, ila anayeilipia kila mwezi ni wewe. Ukitanguliza chini ya asilimia 20 kwenye mkopo wa kawaida wanakubandika.

Nilikaa nayo mwaka na nusu bila kuuliza. Machi 2022 nikapiga simu kwenye kampuni inayopokea malipo, dada wa kwenye simu akaniambia kwa upole usijali, itatoka yenyewe 2028. Nikamuuliza mbona mbali hivyo, akasema ndo ratiba. Na kweli hakudanganya, ila hakuniambia yote, na hapo ndo watu wengi wanapoachwa.

Iko hivi. Kuna sheria ya Marekani ya 1998 inasema PMI lazima waitoe wenyewe deni likifika asilimia 78 ya thamani ya siku uliyonunua, ila wanafuata ratiba ya mwanzo, yaani hata ukiongeza hela kidogo kidogo kupunguza deni ile tarehe haisogei. Kwangu ilikuwa Septemba 2028. Ukiomba mwenyewe kwa maandishi wanaitoa ikifika 80, na hapo zile hela ulizoongeza zinahesabika. Sasa njia ya tatu, ambayo hakuna mtu aliyenitajia mpaka nilipokaa usiku mmoja nasoma, ni kutumia thamani ya nyumba ya LEO. Mwenye mkopo wangu halisi ni Fannie Mae, shirika linalonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji (wana sehemu kwenye tovuti yao unaangalia kama wanao mkopo wako, Freddie Mac, wenzao wa kazi hiyo hiyo, nao wanayo), na kanuni yao ni kwamba ukishalipa miaka 2 unaweza kuomba nyumba ithaminiwe upya, deni likiwa asilimia 75 au chini ya thamani hiyo mpya PMI inatoka. Ukipita miaka 5 wanakubali hata 80.

Nyumba Columbus zilikuwa zimepanda kama moshi. Nikapiga hesabu zangu kwenye karatasi ya nyuma ya bahasha, deni lilikuwa linaelekea 216,300, kwa hiyo nilihitaji nyumba iwe na thamani ya 288,400 hivi. Jirani aliuza 305,000 na jiko lake ni baya kuliko letu. Nikaona hapa tunatoboa.

Oktoba 2022 miaka miwili ikatimia, Novemba nikaandika barua ya kuomba. Nilitaja wazi kwamba naomba PMI iondolewe kwa thamani ya sasa, maana ukisema tu nataka itoke wanaenda kuangalia ratiba wanakurudishia jibu la 2028.

Desemba wakanikatalia! Sababu: nimechelewesha malipo ndani ya miezi 12. Mimi ambaye sijawahi kuchelewesha hata siku moja. Nikakaa kichwa kinauma, mama watoto ndo akakumbuka kwamba Mei ile mkopo ulihamishwa kutoka kampuni moja ya kupokea malipo kwenda nyingine, na benki yetu iliendelea kutuma hela kule kwa zamani, ya Mei na ya Juni, wakaipeleka kwa wapya wanavyojisikia. Sasa sheria inasema mkopo ukihamishwa, ndani ya siku 60 ukilipa kwa wakati kwa yule wa zamani hawaruhusiwi kukuhesabu umechelewa. Simu nilipiga tatu, kila mtu na lake. Mwisho nikaandika barua ya kulalamikia kosa, nikaambatanisha karatasi za benki, nikatuma kwa rejista, na hapa sikiliza vizuri: haiendi kwenye anwani unayotumia kulipia, wanayo anwani maalum ya malalamiko, imeandikwa herufi za sisimizi nyuma ya bili. Ikifika pale wana siku 5 za kazi kukiri wameipata na siku 30 za kazi kujibu. Mwisho wa Januari wakajibu, kosa limerekebishwa, hata pole hawakuandika.

Februari wakaniambia lete ada ya mthamini. Nilitaka kuleta mthamini ninayemjua mimi, wakakataa, mthamini wanamleta wao, na zile bei unazoona kwenye tovuti ya nyumba ya Zillow hawataki hata kuzisikia. Siku ya kuja tulisafisha nyumba kama kuna harusi, nikakata majani, nikaziba lile tundu la basimenti ambalo nilikuwa naliahidi tangu 2021. Jamaa alikaa dakika 25 hivi, akapima, akapiga picha, hakunywa hata maji. Ripoti ikaja 298,000. Ukigawanya ni kama asilimia 72.6, tumepita. Bili ya Aprili 2023 kale kamstari hakapo. Nilishalipa miezi 30 yaani 3,540, ila iliyobaki mpaka Septemba 2028 ingekuwa zaidi ya 7,600.

Rafiki yangu dereva wa malori akasikia akataka afanye hivyo hivyo, nikamuuliza mkopo wako ni wa aina gani, akasema FHA, yaani ule wenye bima ya serikali, alitanguliza asilimia 3.5. Nikamuonea huruma. FHA ya tangu Juni 2013, ukitanguliza chini ya asilimia 10, bima yao unayo maisha yote ya mkopo, nyumba ipande iguse mawingu haitoki, mpaka urifainansi, yaani uchukue mkopo mpya wa kawaida ulipe ule wa zamani. Na mwisho wa 2022 riba ziligonga 7, yeye ana 3, nani ataacha 3 akafuate 7 ili aokoe bima? Nilimwambia tulia kaka, subiri riba zishuke.

Sasa cheko lenyewe. Mwaka huo huo 2023 kaunti wakathamini nyumba zote upya kwa ajili ya kodi, yetu wakaiandika 327,000, na 2024 malipo ya kila mwezi yakapanda dola 131 kwa sababu ya kodi. Ile ile 118 niliyoipigania imeondoka na nyongeza juu. Nilikuwa naomba Mungu nyumba ionekane ghali, nikarudi tena mezani najaza fomu ya bodi ya kaunti kabla ya Machi 31 kuwaambia jamani siyo ghali kiasi hicho. Ripoti ya yule mthamini ya 298,000 nikaiambatanisha.