Nilivyompata wakala wa wachangia mayai ya uzazi nikiwa Mtwara

Daktari aliponiambia kwamba mayai yangu hayatoshi kwa IVF, yaani kutungisha mimba maabara nje ya mwili, na iliyobaki ni njia ya yai la kuchangiwa, nilianza kutafuta wakala kwa simu nikiwa hapahapa Shangani, Mtwara. Yaliyonifikisha huko nayaacha. Naandika kazi yenyewe ya kumchagua wakala, kwa sababu akikosewa, wanaoumia ni wanawake wawili: anayepokea yai na binti anayelitoa.

Nilianza kwa kutenganisha kazi. Wakala hachomi sindano wala hahifadhi mayai. Yeye humtafuta mchangiaji, huratibu vipimo, husimamia mkataba na malipo. Kuvuna mayai na kutengeneza viinitete ni kazi ya kliniki. Kwa hiyo kila wakala nilimuuliza anafanya kazi na kliniki ipi, kisha nikaipigia kliniki hiyo mwenyewe. Kuna moja ambayo haikumjua kabisa aliyenitajia jina lake, na mazungumzo yetu yakaishia hapo. Kwa walio nchini, kampuni huangaliwa BRELA, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, na daktari huangaliwa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Kwa walio nje, nilisoma kwanza sheria ya nchi yao. India, ambako Watanzania wengi huenda kutibiwa, sheria ya mwaka 2021 inataka mchangiaji awe na miaka 23 hadi 35, achangie mara moja tu maishani, na asivunwe mayai zaidi ya 7. Anayekuahidi huko binti “mzoefu” mwenye mayai 20 anakutangazia kwamba anavunja sheria. Hispania jina la mchangiaji halitolewi. Uingereza, mtoto wa mchangiaji aliyesajiliwa tangu Aprili 2005 anaweza kumjua akifika miaka 18. Hayo mke na mume wayaamue kabla ya kulipa chochote, na suala la dini vilevile, kwani Kanisa Katoliki na wanazuoni wengi wa Kisunni hawaruhusu yai la mtu wa tatu.

Faili la mchangiaji ndilo lililonichukua muda mrefu kuliko yote. La kwanza nililotumiwa lilikuwa na picha sita nzuri na karatasi moja ya maabara iliyopigwa picha ikiwa imekunjwa pale penye tarehe. Upande wa damu paliandikwa “O chanya”, basi. Nikauliza selimundu iko wapi. Jibu likaja, “Dada, huyu mzima kabisa, hajawahi kuugua.” Hilo halijibu kitu. Mwenye kubeba kinasaba kimoja cha selimundu (AS) kwa kawaida haumwi, na kundi la damu halionyeshi kama anacho. Mchangiaji akiwa AS na mume akiwa AS, kila mimba ina robo ya uwezekano wa mtoto kuwa SS, yaani mgonjwa wa selimundu. Kipimo kinachojibu swali ni elektroforesisi ya himoglobini, kipimo cha damu kinachotenganisha aina za himoglobini, na mume naye apime.

Mengine niliyodai: VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kisonono na klamidia, yote yakiwa na tarehe na muhuri wa maabara, na yarudiwe karibu na siku ya kuvuna, maana majibu ya mwaka jana hayasemi lolote kuhusu leo. Kisha AMH, homoni inayoonyesha akiba ya mayai, na hesabu ya vifuko vya mayai kwa ultrasaundi. Kisha amechangia mara ngapi. Wataalamu wa Marekani wanashauri zisizidi mara 6. Jina lake lifichwe, sawa. Tarehe haina sababu ya kufichwa.

Swali lililowachuja wengi zaidi lilimhusu binti mwenyewe. Huchomwa sindano za homoni kwa siku 8 hadi 14, halafu sindano ya kukomaza mayai, na baada ya saa 36 hivi mayai huvunwa kwa sindano akiwa amepewa dawa ya usingizi. Ovari zikizidiwa na dawa huvimba, maji yakajaa tumboni, akabanwa pumzi, na hali hiyo inaweza kuja siku kadhaa baada ya kuvuna. Nani atalipa akilazwa? Wakala niliyemchagua alinionyesha kifungu cha mkataba kinachotaja bima ya binti na daktari wa kumwona baadaye. Malipo ya binti pia yalikuwa kiasi kimoja bila kujali idadi ya mayai. Anayelipa kwa yai anashawishi dozi ipandishwe, na hatari inabaki kwa binti.

Kwenye mkataba, neno “mayai” halitoshi. Liandikwe “mayai yaliyokomaa”. Mayai 12 yakivunwa, tuseme 9 yamekomaa, 6 yakarutubika, viinitete vinavyofika siku ya 5 vinaweza kuwa 2 au 3. Ya kugandishwa mengine hufa yakiyeyushwa, kwa hiyo iandikwe hasara hiyo ni ya nani. Fedha nililipa kwa awamu tatu kwenye akaunti ya kampuni, kwa risiti: majibu ya vipimo yalipokamilika, sindano zilipoanza, na baada ya kuvuna. Waliotaka zote mapema kwenye namba ya simu ya mtu binafsi sikuwajibu tena.

Kuwa Mtwara kunadai mpango wa ziada. Dar ni zaidi ya kilomita 550, na Mei 2024 mvua ziliikata barabara kule Somanga. Tuliomba mbegu za mume zigandishwe mapema, ili siku ya kuvuna isitegemee basi. Kliniki ilikubali nipimwe ukuta wa mji wa mimba hapahapa mjini na kuwatumia picha. Walitaka angalau milimita 7 kabla ya kuanza projesteroni, homoni ya kuuandaa mji wa mimba upokee kiinitete. Ruhusa hiyo iombwe kwa maandishi, maana wengine hukubali kwa simu kisha wakaikataa picha ya nje.

Mwisho nilichukua nakala ya faili zima: namba ya siri ya mchangiaji, majibu yake, tarehe ya kuvuna na jina la maabara. Ofisi ya wakala inaweza kufungwa, na mtoto akiugua, daktari atauliza historia ya upande huo.