Presha ilishuka, damu ikakataa

Mimba yangu ya pili ilikuwa na wiki 33 nilipoingia Mbeya kutoka Tukuyu, nimekaa siti ya mbele ya Costa na viatu mkononi, maana miguu haikuingia tena. Zahanati niliyohudhuria kliniki, mashine ya presha ilikuwa mbovu miezi miwili. Wakawa wananipima uzito tu. Maumivu ya chembe ya moyo, yakivutia chini ya mbavu za kulia, niliyaita kiungulia. Mama mkwe akanichemshia tangawizi.

Hospitalini: presha 170/112, protini kwenye mkojo plasi tatu, dalili za kifafa cha mimba. Nikadungwa magnesiamu ya kuzuia degedege. Jamani, moto wake! Kila mara nesi anakuja na kinyundo kunigonga goti; lisiporuka, dozi inayofuata hupewi. Nikapewa pia vidonge vya presha, na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.

Siku ya tatu presha ikasoma 138/88. Nikaanza kukunja kanga zangu. Daktari wa raundi akafungua faili.

"Mama, presha imekubali dawa. Damu ndiyo inakataa."

Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, kwa kawaida hazishuki chini ya elfu 150. Zangu siku ya kwanza 148, ya pili 117, asubuhi hiyo 89. Vimeng'enya vya ini vimepanda, chembe nyekundu zinapasuka. Kumbe kiungulia changu kilikuwa ini. Dawa zinatuliza presha tu, akasema. Ugonjwa wenyewe unatoka kwenye kondo la nyuma, na halitoki bila mtoto kutoka.

Namba zote nilikuwa naziandika nyuma ya kadi ya kliniki, kila wakichukua damu nauliza. Mume wangu alikataa katakata kwenye simu: mtoto hajafika, wasubiri. Sikubishana. Nikamsomea: 148, 117, 89. Akanyamaza, kisha akasema, "Tia sahihi."

Jioni zilikuwa 68. Kwa upasuaji, sindano ya ganzi ya mgongo wakaiogopa, ingeweza kuvujisha damu kwenye uti. Nikapigwa nusu kaputi. Binti, kilo 1.7, akakaa kifuani kwangu wiki mbili kama kangaruu.

Kesho yake zikashuka tena, 61, nikalia. Nesi akaniambia hata baada ya kujifungua huwa zinashuka kwanza. Siku ya nne, 132.

Kadi ninayo bado. Mama mkwe aliiona akauliza kama hizo ni hesabu za vikoba.