Kutoka Kigoma hadi Mtwara kwa Ndege: Nilivyohesabu Safari ya Mama

Mama alipotaka kurudi kwake Mikindani baada ya kukaa nasi Kigoma miezi minne, daktari alimruhusu kwa sharti moja, kwamba asiketi zaidi ya saa mbili na nusu bila kunyoosha mgongo. Basi halikufaa kabisa, kwa maana kufika Dar es Salaam peke yake ni safari inayomchosha hata kijana, na ukifika bado umebakiwa na zaidi ya kilomita 500 za kwenda Mtwara. Ilibaki ndege.

Nilitafuta kwenye intaneti, nikakuta tovuti iliyotaja umbali wa kilomita 1,300 na muda wa saa mbili. Nilipompa mama habari hiyo alifurahi, akasema, "Saa mbili tu, mwanangu? Hizo nitaziweza." Nilipokwenda kukata tiketi ndipo nilipoambiwa kuwa hakuna ndege ya moja kwa moja, na kwamba ni lazima tuunganishe Dar es Salaam. Niliumia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kumpa ahadi.

Usiku ule niliketi na atlasi na rula. Kigoma iko karibu na nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na Mtwara imepita kidogo nyuzi 10. Kutoka magharibi kwenda mashariki, miji hiyo imeachana kwa nyuzi 10 na nusu hivi. Kwetu, karibu na ikweta, uzi mmoja ni takriban kilomita 111 upande wowote, kwa hiyo kwa kanuni ya Pythagoras nilipata kilomita 1,300 kweli. Tovuti haikukosea umbali. Nilipopima kwa kupitia Dar es Salaam nilipata kama 1,080 na 400, yaani jumla ya 1,480, na nyongeza hiyo ya kilomita 180 ni ndogo kuliko nilivyoogopa. Ndege ya mapangaboi iendayo kilomita 600 kwa saa huimaliza kwa dakika 18.

Kinachokula muda ni mambo ya ardhini. Kila ndege inapaswa kutembea hadi njia ya kurukia, kupanda taratibu na kushuka taratibu, nami niliweka dakika 20 kwa kila mruko. Tena, tiketi zetu zilikuwa mbili tofauti, hivyo mizigo ingechukuliwa Dar es Salaam na kukabidhiwa upya, na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili isingetusubiri. Niliona ni heri kulala kwa dada yangu usiku mmoja kuliko kumweka mama kwenye kiti cha chuma mchana kutwa. Niliomba pia kiti cha magurudumu siku tatu kabla, na siti ya pembeni mwa ujia ili aweze kusimama.

Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi. Mruko wa kwanza ulichukua saa mbili na dakika kumi, na katikati ya safari mama alisimama, akashika mgongo wa siti ya mbele na kujinyoosha mara mbili. Kesho yake tuliruka saa moja asubuhi, na baada ya saa moja tulikuwa Mtwara. Ilipogonga saa tatu alikuwa amejilaza kwenye mkeka barazani kwake Mikindani. Zilikuwa zimepita saa 24 tangu tufunge mlango wa Kigoma, na ndani ya ndege aliketi saa tatu na dakika kumi tu.