Natafuta Mabaharia wa Anga

Jumapili, usiku

Leo nimeliandika upya tangazo langu la kutafuta wachezaji. Lile la zamani lilitanguliza jina la mchezo, Star Trek Adventures, kwa herufi kubwa, halafu ndiyo siku na saa zikafuata kwa chini. Hili jipya linaanza na saa: Alhamisi, kila baada ya wiki mbili, saa moja na nusu jioni hadi saa nne usiku, hapa Birmingham, anayeanza anakaribishwa. Jina la mchezo limeshuka mpaka mstari wa tatu. Naona niandike sababu yake, maana huko kushuka kwa jina kumenichukua muda mrefu kukukubali.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii, ni mchezo wa kusimulia. Wanakaa watu watatu mpaka sita, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao anakuwa mwongozaji. Huyo ndiye anayeeleza mahali palivyo na kumsemea kila mtu mwingine aliyemo hadithini. Mhusika akijaribu jambo lenye mashaka, dadu zinarushwa. Mshindi hakuna. Na mchezo wa leseni ni ule ambao ulimwengu wake una mwenyewe: kampuni ya michezo inawalipa wenye filamu au tamthilia ili iruhusiwe kuandika kanuni za kucheza humo ndani, kwa muda waliokubaliana.

Huo muda ndio unaowatawanya wachezaji. Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, peke yake ilikuwa kwa kampuni ya FASA miaka ya 1980, ikaenda kwa Last Unicorn Games mwaka 1998, kwa Decipher mwaka 2002, na tangu 2017 iko kwa Modiphius wa London, ambao mwaka 2024 walitoa toleo la pili. Star Wars, zile filamu za vita vya anga, ilianza kwa West End Games mwaka 1987, Wizards of the Coast wakaichukua mwaka 2000, baadaye Fantasy Flight Games, ambao dadu zao hazina namba bali alama, na sasa Edge Studio. Leseni ikihama, kanuni zinaandikwa upya na vitabu vya jana havichapwi tena. Ndiyo maana mtu akikwambia anacheza Star Wars, hujajua bado kama mnaweza kukaa meza moja. Kuna mzee mmoja hapa mjini, mstaafu wa reli, aliyebaki na vitabu vyake vya West End, amevifunika kwa plastiki, na hataki kusikia kanuni nyingine. Namwelewa kabisa. Vitabu vile vilikuwa na mambo mengi kiasi kwamba Timothy Zahn alipokuwa anaandika riwaya yake ya Star Wars iliyotoka 1991, Lucasfilm, wenye filamu hizo, walimpelekea avitumie kama rejea. Mchezo ulikuwa umeijenga ile dunia hadi mahali ambapo filamu zenyewe hazijafika.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nisichague mchezo usio na leseni, ambao hautegemei mkataba wa mtu. Ipo mingi na mizuri. Mimi narudi kwenye leseni kwa sababu ya kile kinachotokea dakika tano za kwanza wageni wanapokutana. Muuguzi aliyezaliwa Mombasa, mstaafu wa reli wa Birmingham na mwanafunzi wa uhandisi hawana utoto mmoja, hawana nyimbo za pamoja, hata chai wanaipika tofauti. Lakini wote watatu wanajua Agizo Kuu la Star Trek ni lipi: usiingilie maendeleo ya watu ambao hawajafikia safari za nyota. Huna haja ya kuwapa kurasa arobaini za historia ya ulimwengu wako. Unasema, "Mko kwenye chumba cha usukani cha chombo, ishara ya msaada imeingia," na kila mtu anajua pa kukaa.

Halafu yupo Uhura, ofisa wa mawasiliano wa Star Trek. Nilimpenda kabla sijajua kwamba michezo hii ipo duniani. Nichelle Nichols alianza kumwigiza mwaka 1966, na katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani kuna mwanamume anayemjia ukumbini na kumsemesha kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika kipindi kingine, mashine inamfuta kumbukumbu zote, na anapofundishwa upya kusoma, Kiswahili kinamtoka katikati ya Kiingereza. Mimi mtu wa Tanga kukisikia Kiswahili ndani ya chombo cha karne ya 23, kinasemwa na ofisa mwenye cheo na kazi yake, hilo sikuwahi kulisahau. Wengine walianza kupenda anga kwa sababu ya vita na mizinga ya mwanga. Mimi nilianza kwa sababu ya dada aliyekaa kwenye mitambo ya mawasiliano akiwasikiliza walimwengu.

Basi nikawa natafuta watu wanaoipenda Star Trek, na nikawapata kwa wingi. Niliweka tangazo kwenye ubao wa duka la michezo, nikauliza maktaba, nikajiunga na makundi ya mtandaoni ya Discord. Wakaja. Wengi wao hawakurudi mara ya tatu. Siwasemi vibaya hata kidogo, maana walikuwa watu wema na nilijifunza mengi kwao. Ila mshabiki na mchezaji ni watu wawili, hata kama mara nyingine wanaishi katika mwili mmoja. Mshabiki anakuja na hadithi ambayo tayari imekwisha kusimuliwa na anataka isiharibiwe. Ukisema meli ya Waklingoni, wale wapiganaji wa sayari nyingine, imejitokeza upande wa kushoto, yeye anawaza ni aina gani, mwaka gani, na kama ilikuwa imeshaundwa wakati huo. Mchezaji anamgeukia jirani yake na kuuliza, "Nahodha, tunafanyaje?"

Tangazo linaloanza kwa jina la mchezo linamwita wa kwanza. Linaloanza kwa saa linamwita mtu ambaye kwanza anajipima kama ana nafasi, kama atawahi basi la mwisho, kama zamu yake ya kazi inaruhusu. Huyo ndiye anayedumu.

Mahali pazuri kuliko pote pa kumtambua mchezaji ni kwenye maonyesho ya michezo. Hapa kwetu yako UK Games Expo, yaliyoanza mwaka 2007 na sasa yanajaza kumbi za NEC, kituo kikubwa cha maonyesho, mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni. Unajiandikisha kwenye meza, unakaa na watu usiowajua, mwongozaji anaendesha kisa kimoja cha saa chache, mnaachana. Wengi wanakwenda kuonja michezo mipya. Mimi nakwenda kuangalia watu. Nani anasubiri mwenzake amalize sentensi? Nani amemwona yule binti mkimya pale mwisho na kumuuliza, "Wewe uko wapi wakati haya yanatokea?" Huyo nikimaliza namfuata, namkaribisha chai, namuuliza anaishi wapi.

Hata kanuni zenyewe zinakuonyesha mtu alivyo. Katika Star Trek Adventures unarusha dadu mbili za pande ishirini, na kila inayoangukia namba yako au chini yake ni fanikio. Ukipata mafanikio kuliko uliyohitaji, ziada inaingia kwenye akiba ya wote, isiyozidi pointi sita, na yeyote mezani anaweza kuchota. Nimekaa na watu wanaochota tu. Na nimekaa na mama mmoja ambaye kila ziada yake aliiacha pale katikati, halafu zamu ya mwenzake ngumu ilipofika akasema, "Chukua, ndiyo maana niliiweka." Hakuwa ametazama hata kipindi kimoja. Sasa ndiye mganga wa chombo chetu, na ratiba ya kikundi kizima tunaipanga baada ya yeye kupata zamu zake za hospitali.

Mchezo huohuo una jambo jingine linalomfaa anayetafuta watu, na nashangaa halizungumzwi zaidi. Mbali na wahusika wakuu, kuna wahusika wasaidizi: mhandisi wa zamu ya usiku, mlinzi, nesi. Mhusika wako akibaki chomboni wakati wenzake wameshuka sayarini, unambeba mmoja wa hao. Mimi humpa mgeni mhusika msaidizi kwa usiku wake wa kwanza. Hadaiwi ahadi yoyote. Asipopenda, chombo kinaendelea na mlinzi yule bado yuko kwenye orodha ya wafanyakazi. Akipenda, mlinzi anapandishwa cheo, anapata historia, anakuwa mtu kamili. Na aliyekwama kazini wiki hiyo, mhusika wake yuko zamu nyingine tu, hadithi haisimami.

Kwa usiku mmoja wa kupimana, Alien, mchezo wa kampuni ya Free League unaotokana na filamu za kutisha za anga, uliotoka 2019, unafaa sana. Una visa vinavyoendeshwa kama filamu: wahusika wameshaandaliwa, kila mmoja ana ajenda ya siri, na wachache ndio wanaofika mwisho wakiwa hai. Hofu yenyewe imewekwa kwenye dadu. Kila msongo unakuongezea dadu, ambazo kwanza zinakusaidia, mpaka mojawapo itakapoonyesha moja na hapo huenda ukapagawa. Lakini sijawahi kumkalisha mgeni kwenye meza hiyo bila kumweleza kilichomo: damu, kufungiwa, miili kuingiliwa na viumbe. Pale katikati naweka ile kadi ya X aliyoibuni John Stavropoulos. Anayeigusa, tunaruka tulipofika, haulizwi sababu. Kuna anayedhani kadi hiyo inapunguza ladha. Nimeona kinyume chake: watu wakijua mlango uko wazi wanathubutu kuingia ndani zaidi.

Sijagusa bado meza yangu ya pili, ambayo ndiyo ipo moyoni. Ni ya Kiswahili, ya mtandaoni, Jumamosi. Ilianza kwa kijana wa Mombasa aliyeniuliza, "Dada, hivi haya mambo hayachezeki kwa lugha yetu?" Yeye alimleta binamu yake, binamu akamleta rafiki wa Dar es Salaam. Hakuna aliyenunua kitabu. Modiphius wana kijitabu cha kuanzia kinachotolewa bure, na mimi nilikaa nao nikiwaeleza kanuni kwa maneno ya kawaida. Shida yetu kubwa imekuwa saa. Majira ya baridi, saa kumi alasiri ya Birmingham ni saa moja usiku pwani, safi kabisa. Machi ikiisha, Waingereza wanasogeza saa zao mbele, na saa kumi ileile inageuka kuwa saa kumi na mbili jioni kule, katikati ya maandalizi ya maghribi. Kwa hiyo kiangazi tunaanza saa kumi na moja ya huku. Ramadhani hatuchezi.

Kisa cha kwanza nilichowapa kilikuwa cha kawaida, nilishakiendesha kwenye meza ya Alhamisi: kisiwa kwenye sayari ya mbali, wavuvi wasiojua lolote kuhusu vyombo vya anga, na chini ya bahari yao mtambo wa kale unaoanza kupasuka. Meza ya Alhamisi ilijadili kwa saa nzima namna ya kushuka bila kuonekana. Watajigeuza sura? Watashuka usiku? Yalikuwa mazungumzo mazuri. Meza ya Kiswahili ilinyamaza kidogo, kisha yule wa Dar akasema, "Kwanza nani mkubwa wa hapa? Hatuwezi kuingia mtaa wa watu bila kupiga hodi." Binamu akampinga: "Ukipiga hodi umeshajitangaza, Agizo Kuu umelivunja." Yule akajibu, "Na ukichungulia dirishani je, umeliheshimu?"

Wakaendelea hivyo, na mimi mwongozaji nikawaacha. Walikuwa watoto wa pwani, wanaoujua mwambao kama mahali ambapo vyombo vya watu wengine vimewahi kutia nanga, na swali la anayeshuka ufukweni bila kualikwa kwao si la kubuni. Sikuwahi kuliona Agizo Kuu kutoka upande wa wale walio mchangani wakitazama kile kitu kinachoshuka. Nimeipenda dunia hii tangu utotoni, na vijana ambao wawili kati yao hawajui tofauti ya Kirk na Picard, manahodha wawili wa Star Trek, wakanifungulia chumba ambacho sikujua kimo.

Ndiyo maana kwenye tangazo la Kiswahili, ambalo nitalituma kesho, jina la mchezo halimo kabisa. Nimeandika saa, nimeandika kwamba ni hadithi ya chombo cha anga, kwamba kitabu si lazima, kwamba tunasikilizana. Tunahitaji watu wawili zaidi. Mhandisi hatuna, na mtambo ule wa chini ya bahari utamhitaji.

Jumamosi tunaendelea. Mwishowe walikubaliana kumtuma mmoja peke yake, kwa ngalawa ya kuazima, bila silaha, asimame kwenye maji ya magotini aite hodi. Mzee wa kisiwa ametoka. Sijaamua atawajibu nini, maana nataka kwanza niwasikie wamwombe nini.