Robo ya mzunguko: jinsi miguu ya kamba inavyopokezana

Mtazame kamba wa maji baridi (crayfish) kutoka ubavuni. Chini ya mkia wake kuna viguu vidogo vilivyo bapa, jozi kwa kila pingili. Havitumii kutembea. Huvipiga majini ili aogelee taratibu au avute maji safi ndani ya shimo lake, na jike mwenye mayai huyabandika humo humo kwenye viguu na kuyapepea yasikose hewa. Mimi hutengeneza roboti zenye miguu mingi, kwa mapenzi tu, na hakuna mashine iliyonifundisha zaidi kuhusu kupatanisha viungo kuliko mnyama huyu. Anavyo viguu vinavyokwenda kwa mpango kamili, wala hakuna mahali mwilini mwake panapoamua zamu ya kila kimoja.

Jozi ya nyuma hupiga kwanza. Hufuata iliyo mbele yake, kisha nyingine, mpaka wimbi lifike karibu na kifua, na hapo ile ya nyuma imekwisha kuanza upya. Wapiga makasia wa mtumbwi huzamisha makasia yao kwa pamoja. Kamba hafanyi hivyo. Kila jozi huchelewa kwa takriban robo ya mzunguko, yaani robo ya pigo moja zima la kwenda na kurudi, nyuma ya jirani yake. Kwa kuwa jozi zinazofanya kazi hiyo ni nne, msukumo mmoja haujaisha vizuri kabla mwingine haujaanza.

Hiyo robo ndiyo iliyonikamata. Kamba anaweza kupiga polepole, mara moja kwa sekunde, au akaharakisha hadi mara tatu. Kama ucheleweshaji ungetokana tu na muda ambao ishara inachukua kusafiri kwenye neva, basi ungebaki uleule kwa kasi zote, na mpangilio ungevurugika pale tu anapoongeza mwendo. Hauvurugiki. Akipiga mara moja kwa sekunde, jirani huchelewa robo sekunde. Akipiga mara tatu, huchelewa sehemu moja ya kumi na mbili ya sekunde. Muda hubadilika, robo hubaki. Anayeandika programu za roboti atauona uzito wa jambo hili mara moja, kwa sababu njia yetu ya kawaida ni kuweka saa moja kwenye kompyuta kuu na kuupa kila mguu idadi yake ya milisekunde. Njia hiyo hufaa mpaka utakapotaka kubadili kasi.

Mwaka 1960, watafiti Hughes na Wiersma walionyesha kwamba uzi mkuu wa neva wa mkia, ukitolewa mwilini ukiwa peke yake, bila kiguu, bila msuli, bila maji ya kusukuma, unaweza kuendelea kutoa mapigo yaleyale kwa mpangilio uleule wa nyuma kwenda mbele. Kwa hiyo mdundo hautokani na viguu kuhisi maji. Miaka minne baadaye Wiersma na Ikeda walichochea mojamoja nyuzi ndogo zilizo ndani ya uzi huo mkuu na kuona kwamba uzi mmoja tu waweza kuamsha viguu vyote. Lakini mdundo wa viguu haukufuata mdundo wa uchochezi. Amri inayoshuka kutoka mbele husema anza. Haimwambii yeyote zamu yake ni lini.

Zamu zinapangwa kwenye pingili zenyewe. Kila pingili ina fundo la neva, na kila nusu ya fundo ina saketi yake ndogo kwa ajili ya kiguu kimoja: kundi moja la nyuroni, yaani seli za neva, husukuma, jingine hurudisha, na moja likifanya kazi hulinyamazisha lenzake. Viguu vinane, saketi nane, kila moja ikiweza kudunda peke yake. Brian Mulloney wa Chuo Kikuu cha California, Davis, pamoja na wenzake, walitumia miaka mingi kufuatilia jinsi saketi hizi zinavyopashana habari, na jibu lao ni fupi kiasi cha kushangaza. Katika kila saketi kuna nyuroni inayopeleka habari mbele wakati kiguu kinasukuma, na nyingine inayopeleka habari nyuma wakati kinarudi. Habari zote zinazoingia hupokelewa na nyuroni moja tu, ambayo humsikia jirani wa karibu kwa nguvu zaidi kuliko wa mbali, kisha huusogeza mdundo wa saketi yake mbele au nyuma kidogo.

Mwaka 2014 Mulloney, Calvin Zhang, Timothy Lewis na wenzao waliunganisha ramani hiyo na hesabu za mwendo wa maji. Wimbi la nyuma kwenda mbele lenye tofauti ya robo ndilo linalosukuma maji kwa ufanisi kuliko mipangilio mingine waliyoilinganisha, na namna saketi zilivyounganishwa inaleta robo hiyohiyo. Nilipousoma utafiti huo nilifurahi kweli.

Miguu ya kutembea ni habari nyingine, na naona wengi wetu tunaotengeneza roboti tunaikimbilia mapema mno. Mguu wa kutembea unabeba uzito, ardhi haitabiriki, na kuunyanyua kabla jirani hajakanyaga ni kuanguka. Kwa hiyo hisia huwa na sauti kubwa zaidi hapa: kamba na kaa wana vihisi kwenye maungio vinavyopima mkunjo, na vingine karibu na shina la mguu vinavyopima jinsi gamba linavyokazwa na mzigo. Kaa akiukata mguu wake mwenyewe ili kumponyoka adui, iliyobaki hupanga zamu upya na safari inaendelea.

Roboti ninayoijenga sasa ina kompyuta ndogo kwa kila mguu, na waya zinazokwenda kwa jirani wa mbele na wa nyuma peke yao. Kompyuta ya kichwani hutuma mambo mawili tu, kuanza na kasi. Kihisi cha mzigo nimekiweka juu kabisa ya mguu, kwenye shina, pale pale kaa anapokiweka chake.